Friji ya Mama wa Mheshimiwa

"Mdomo wangu haujawahi kuniingiza mahali ukashindwa kunitoa," Chabani alisema, kidevu juu, Husni akimnyoa. "We nyoa tu. Jumamosi jioni mi narudi hapa Yoba na baraka za mheshimiwa mfukoni."

Husni, rafiki yake kinyozi wa mtaa huo wa Yoba, Gitega, ndiye aliyemrekodi akichekesha kwenye harusi moja, na ndiye aliyeirusha video mtandaoni. Alifuta wembe, akaendelea na shavu la pili.

Mzaha wenyewe ulikuwa mfupi. Chabani alisimama mbele ya maharusi akasema mbunge Venansi kamnunulia mama yake friji kubwa, kule kwao Gashoho, kwenye kilima ambacho nyaya za umeme hazijafika. "Panya wa Gashoho ndio panya wa kwanza Burundi kulala nyumba ya chuma! Asubuhi wanagonga kwa ndani: Mama Mheshimiwa, tufungulie, tumechelewa shamba!" Watu walicheka mpaka bibi harusi akaharibu wanja.

Siku mbili baadaye, waliocheka sana ndio waliokasirika sana. Redioni simu zilipokezana. Sokoni Gitega wanawake walimgeuzia mgongo Swabra, mama yake Chabani, muuza vitenge: mtukane mwanasiasa, sawa, kajitakia, lakini mama wa mtu? Kumbi mbili zilimfutia maonyesho. Familia ilimshitaki, na wito wa polisi ukaletwa mpaka nyumbani: Jumatatu, saa mbili asubuhi.

Hapo ndipo mdomo ulipoingia kazini. Chabani alikumbuka kwamba mheshimiwa aliwahi kusimulia redioni habari za shangazi yake, Klara, aliyepotea mwaka wa sabini na mbili, mwaka wa mauaji, watu walipovuka mto kukimbilia Tanzania. Akajirekodi upya, safari hii kwa uso wa huruma: "Bon, sikutaka kusema. Huyo Klara ni bibi yangu. Alirudi, akasilimu, akaitwa Fatouma, akaolewa hapa Yoba. Donc, yaani, mheshimiwa na mama yangu ni wavyara!"

Nani Burundi asiyejua maana yake? Watoto wa kaka na watoto wa dada ni wavyara, na kati yao tusi halina kesi. Mvyara anaweza kukucheka hata kwenye msiba wa baba yako, nawe ukikasirika, aibu ni yako. Kelele zikapoa. Venansi mwenyewe akapiga simu: "Njoo Jumamosi. Mama akikukubali, nafuta mashitaka. Akikukataa, tutaonana Jumatatu."

Bibi Fatouma wa kweli alizaliwa Buraza, karibu tu na Gitega, na maji makubwa kuliko yote aliyowahi kuvuka yalikuwa ya mvua.

Jumamosi, kule Gashoho, Mama Jeska, mama yake Venansi, alimsubiri mlangoni na fimbo yake. Alimtazama juu mpaka chini.

"Ndiye huyu? Mbona pua kama mpini wa jembe? Mvyara mbaya hivi tulimwokota wapi?"

Chabani alishusha pumzi. Ametukanwa kwa utani, basi amepokelewa. "Bibi, pua nimeirithi kwenu. Uzuri ndio wa Yoba."

Wakacheka wote, hata Venansi aliyeegemea mlango. Asiyecheka alikuwa jirani mmoja, Mzee Kastori, aliyekulia kwenye makazi ya wakimbizi Tanzania. Alikaa pembeni akipukuchua mahindi, macho kwenye ungo.

Friji ilikuwa palepale sebuleni, nyeupe, na kitambaa cha kufuma kichwani. Mama Jeska akaifungua: maharage mpaka rafu ya pili.

"Ulisema kweli. Ila panya hawaingii, ndiyo maana naipenda."

Akapeleka mkono nyuma ya maharage, akatoa kikombe cha bati chenye ua jekundu. "Cha wifi yangu Klara. Tulipovuka mto mikono yetu iliachana. Mi nikarudi na kikombe, yeye hakurudi. Kila mwaka mpya nakiosha." Akakijaza maji ya ndizi, akampa Chabani.

"Alikuwa bado anaimba?"

"Sana, bibi."

"Hata akipika?"

"Hasa akipika."

Kazi ya mchekeshaji ni kujua watu wanataka kusikia nini kabla hawajajua wenyewe, na hadhira rahisi kama hii Chabani hajawahi kuipata. Kila swali lilikuja limebeba jibu lake mgongoni.

"Alikufa vipi?"

"Kitandani kwake, sote tumemzunguka. Alitaja jina lako."

Hilo la jina hakuna aliyeliuliza. Mdomo ulilitoa wenyewe. Mama Jeska akalia, polepole, bila kujificha, na kwa mara ya kwanza maishani Chabani akatamani hadhira isimwamini.

"Basi," alisema akijifuta kwa kitenge. "Venansi, hayo mashitaka yafute. Na Jumatano tunaenda Yoba, nikaone kaburi la wifi yangu. Kastori, we utanisindikiza."

Mahindi yakaacha kudondoka kwenye ungo.

"Mama Venansi, usiende."

"Kwa nini?"

"Huko hakuna kaburi lake." Mzee Kastori aliongea na ungo. "Klara alikufa kwa homa mwaka wa pili tu baada ya kuvuka. Hakuolewa, hakuzaa. Amelala kule makazini, nyuma ya kanisa. Shimo nililichimba mimi na baba yangu."

Chabani alifungua mdomo. Mdomo ukabaki wazi, bila neno.

Mama Jeska hakumtazama. Alimtazama jirani yake. "Umerudi hapa miaka kumi na tano, Kastori. Kila mwaka mpya unaniona nikikiosha."

"Nilikuona. Ndiyo maana nilishindwa kusema."

Kikongwe akainuka, akachukua kikombe mkononi mwa Chabani, akamwaga maji ya ndizi nje ya kizingiti. Alikipangusa kwa ncha ya kitenge, akakirudisha nyuma ya maharage, akafunga friji.

"Jumatatu," Venansi alisema mlangoni, sauti chini.

Mama Jeska alikuwa bado ameshika kishikio cha friji, amewapa mgongo.

"Kumbe waongo mlikuwa wawili," akasema.