Kaburi Nililomwonyesha Wifi

"Simamisha hapa," nilimwambia binti yangu Nyeleti. Gari likazama kidogo mchangani, likatulia. Mbele yetu ilikuwa miti ya mopane tupu, kinyesi kibichi cha tembo katikati ya njia, na mti mmoja mkubwa kuliko mingine. Niliuchagua kwa sababu hiyo tu.

Wifi yangu Tsatsawani alikaa nami nyuma, ameegemezwa kwa mito miwili. Sukari ilikuwa imemla mguu mmoja mpaka juu ya goti, na wa pili ulikuwa njiani. Tangu geti la hifadhi alikuwa akitutania. "Nyeleti, ukimwona simba mpe huu uliobaki. Mwambie ule mwingine hospitali walimtangulia."

Sasa hakutania. "Ni hapa, wifi?"

"Ni hapa."

Mama mkwe alizikwa mwaka ule ule malori ya serikali yalipotuhamisha, ardhi yetu ya Luvuvhu ikawa hifadhi ya wanyama. Tsatsawani alikuwa ameolewa mbali, hakuwahi mazishi. Mimi nilikuwepo, ila nilikuwa na mimba ya miezi saba, na kwetu mwenye mimba hasogei kaburini. Nilibaki jikoni nikikoroga uji, nikisikia nyimbo zikienda, zikirudi. Waliopajua wakafa mmoja mmoja, mume wangu akiwa wa mwisho. Watu wakaanza kusema, "Muulizeni yeye, alikuwepo." Heshima ile ilininogea. Sikuikataa.

Hifadhini ni marufuku kushuka garini. Nyeleti aliacha injini ikinguruma. Nikafungua mlango wa upande wa wifi, nikamlaza kifudifudi kwenye kiti, nikamshika kiuno kwa mikono miwili mpaka vidole vyake vikagusa mchanga. Akamwaga ugoro wa tambiko kidogo kidogo, kama impasavyo binti mkubwa wa nyumba.

"Mama, ni mimi. Sikukuzika, nisamehe. Siku zangu zimekwisha. Nijibu, nijue kwamba utanipokea."

Tulingoja. Damu ilimjaa usoni. Hakuna ndege aliyelia, wala jani lililotikisika.

"Shangazi, tembo hao," Nyeleti alinong'ona.

"Nyamaza wewe. Namsikiliza mama."

Nilipomwinua alikuwa na mchanga shavuni. "Hajajibu," alisema. "Ameukataa ugoro wangu."

Nilifungua kinywa. Nyeleti alikuwa akinitazama kwenye kioo.

"Wafu nao huchoka, wifi," nikasema.

"Si mama yangu."

Njia nzima hakutania tena, hata tulipompita twiga amesimama barabarani kama askari. Wiki ya tatu baada ya safari hiyo alikataa uji, kisha akakataa na sindano. "Niharakie nini, nikawie nini?" alimwambia nesi. "Huko hakuna anayeningoja."

Asubuhi ya mwisho nilikuwa nikimwogesha kitandani. Nilipofika shingoni alifumbua macho.

"Wifi, wewe uliishi naye. Aliwahi kukwambia nilimkosea nini?"

Nilikamua kitambaa, nikakichovya tena kwenye beseni.

"Inua mkono," nikamwambia, "nikufute na kwapa."