Kulia Sita, Gesi

Mimi ni mtu wa hasira, nianze na hilo ili tusisumbuane. Mume wangu alipokufa kwenye gari la mashindano, mdogo wake akiwa ameshika usukani, sikulia sana. Nilinuna. Nilinuna miezi mitatu mfululizo, na niliyemnunia ni huyo shemeji yangu, kwa sababu ripoti ilisema waziwazi: kosa la dereva. Na aliisaini mwenyewe.

Kisha nikaenda kumwambia kwamba msimu ujao nitakaa mimi kwenye kiti cha kaka yake.

Watu walidhani nimerukwa na akili. Mama mkwe alinitazama kutoka juu hadi chini, akasema, "Mwanangu hajatosha, sasa mnataka kunimalizia na mkwe." Lakini hakuna aliyenizidi kuijua kazi ile. Msoma ramani ndiye macho ya dereva. Kabla ya mbio wanaipita barabara polepole, dereva anataja kila kona na mwenzake anaandika: kushoto au kulia, na namba. Moja ni kona ya kukunja usukani hadi uishe. Sita unaipita umekanyaga gesi, bila kugusa breki. Siku ya mbio anamsomea kwa maiki iliyo kwenye kofia, na dereva anayafuata yale maneno kuliko macho yake, maana kwa mwendo ule jicho halifiki mahali gari litakapokuwa. Mume wangu alikuwa na mwandiko wa kuku, kwa hiyo miaka tisa ni mimi niliyekaa mezani jikoni nikinakili madaftari yake upya. Huku yeye amesimama nyuma yangu, peremende ya tangawizi mdomoni. Alizimung'unya ili asitapike garini, na vidole alivyozimenyea ndivyo alivyogeuzia kurasa. Rimoti yetu ilinata. Swichi za taa zilinata. Tumegombana kwa ajili ya vidole vile kuliko kwa kitu kingine chochote.

Shemeji hakubisha. Alisema tu, "Sawa, shemeji. Ila ukichoka, useme." Sikumwambia kwamba nilitaka kuona kwa macho yangu alifanya nini mpaka akaniulia mume.

Mbio za kwanza kati ya sita tulimaliza wa tisa, na kitu kimoja kilinikera. Nilikuwa nasema "kulia tatu" na tayari tumo ndani ya kulia tatu. Nikadhani nachelewa. Nikaongeza kasi ya kusoma, naye akakunja mapema zaidi. Maneno yangu yalikuwa yanafika kwenye kona ambayo gari limeshaimaliza.

"Anazikumbuka," alisema Spana, fundi wetu mkuu, akiwa chini ya gari, miguu tu ndiyo inaonekana.

"Kona mia nne?"

"Wewe makosa ya mumeo uliyakumbuka mangapi?"

Yote, nikamjibu, na akacheka huko huko chini.

Mbio za pili tulishinda. Nilibebwa juujuu na watu nisiowajua, na nikafurahi, nisiseme uongo. Za tatu zilikuwa na sehemu iliyonyooka, ndefu, vumbi jeupe pande zote. Nikasoma, "Moja kwa moja, kilomita mbili." Shemeji akacheka. Kicheko kifupi cha puani, cha mtu aliyetaniwa.

"Unacheka nini?"

"Hamna kitu."

Kila wakifika mahali palipozidi kilomita moja bila kona, mume wangu alikuwa na utani wake mmoja, uleule, miaka yote: "Hapa hata chai naweza kuchemsha." Alinisimulia mara mia. Tulishinda tena siku ile, na tulipopanda jukwaani kupokea kikombe shemeji alisogea pembeni kidogo, akaacha nafasi ya mtu mmoja katikati yetu. Mpiga picha alitusihi tukaribiane. Hakukaribia. Picha ninayo, na hiyo nafasi inaonekana.

Mbio za nne ndizo zilizomuumbua. Kulikuwa na daraja lililobomoka wakati wa mvua, na waandaaji waliichepusha njia kabla ya kulifikia. Tuliipita pamoja polepole, nikaandika kwa herufi kubwa: KULIA MOJA, MCHEPUKO. Siku yenyewe niliisoma mapema, nikairudia, na shemeji akanyoosha kushoto, kwenye barabara ya mwaka jana, kwa mwendo wa kuua. Tulivunja kamba, tukavunja vibao viwili, na gari likasimama kwa ubavu kwenye mtaro, hatua kama ishirini kutoka mahali ambapo daraja lilikuwepo. Nilikuwa naning'inia kwenye mkanda. Injini ilikuwa imezimika na maji yalisikika yakipita huko chini.

"Nani kakwambia kushoto?" nikamuuliza.

Akawa anahangaika na mkanda wake.

"Nimesema kulia mara mbili. Nani kakwambia kushoto?"

"Kaka," akasema.

Akanieleza hapohapo, tukiwa tumelala ubavu. Kwamba anamsikia tangu mbio za kwanza. Kwamba sauti inakuja katika spika za kofia, nusu sekunde kabla yangu, na kikohozi chake, na peremende ikigonga meno. Kwamba alijaribu kuipuuza na hawezi. "Shemeji, mguu wangu unamsikia kabla yangu mimi."

Mwingine angeogopa. Mimi nilishikwa na wivu, wivu mbaya wa kunitia maji machoni. Mtu niliyelala naye miaka tisa, anakufa, anarudi, na anakwenda kuzungumza na mdogo wake huku mimi nimekaa kwenye kiti chake. Tulipofika kambini nilimnyang'anya shemeji kofia yake, nikaivaa, nikakaa garini kutwa nzima. Spana alibadilisha waya zote. Nilisikia mvumo wa betri basi. Nilimwita kwa jina tunaloitana chumbani. Spana alijifanya anatafuta boliti.

Lakini nilipotulia, akili ikarudi. Ile sauti haikutuonya kuhusu daraja, na wafu wangekuwa wanaona mbele, angeliona. Alichosoma ni njia ya mwaka jana, kona kwa kona, utani kwa utani. Hakuwa anatuongoza. Alikuwa anarudia msimu wake wa mwisho, na msimu ule uliishia kwenye mbio za sita.

Za tano giaboksi ilikufa tukiwa wa pili, tukasukuma gari hadi mwisho tukapata pointi kiduchu. Tukaenda kwenye mbio za sita tukiwa tunaongoza ubingwa kwa pointi mbili, na nyuma yetu ni Kipara, dereva mwenye gari jipya na domo refu. Kila mtu aliniuliza tutamfanyaje Kipara. Mimi nilikuwa nawaza kona moja, ile aliyofia mume wangu.

Daftari la mume wangu la siku ile nilirudishiwa ndani ya mfuko wa plastiki, pamoja na saa yake. Sikuwa nimewahi kuufungua. Siku mbili kabla ya mbio niliufungua, mezani jikoni, ili nijue alisoma nini. Nikafuata kurasa kwa kidole. Kumi na moja, mstari wa mwisho: "Mia mbili, kilima." Nikageuza. Kumi na nne, mstari wa kwanza: "Kulia sita, gesi."

Kumi na moja, kumi na nne.

Nikairudia ile karatasi, nikaipapasa. Ilikuwa nene. Nikaleta kisu cha mkate, nikakipitisha polepole kwenye ukingo, na karatasi mbili zikaachana kwa mlio mdogo wa sukari kukatika. Ndani, kwa mwandiko wangu mwenyewe, mzuri, ulionyooka: "Kushoto mbili juu ya kilima. USIKATE KONA. Korongo kulia." Harufu ya tangawizi ilinipanda puani kana kwamba kaimenya sasa hivi.

Kisha nikampigia shemeji, nikamwambia kurasa ziligandana.

"Najua," akasema. "Nilimsikia. Aliponiambia kulia sita nikakanyaga gesi. Tulipokuwa hewani akasema, 'Nimeruka.' Basi."

"Mwaka mzima umeniacha nikutukane."

"Ulikuwa unampenda, shemeji. Ningekwambia kosa ni lake?"

Niliona haya, haya kabisa. Nilimwambia tujitoe, ubingwa aubebe Kipara na domo lake. Akasema akijitoa, ile sauti itamngoja msimu ujao, na ujao tena, na kila atakapoingia kwenye gari lolote itakuwa inamngoja pale juu ya kilima. "Nataka nipite pale mara moja," alisema. "Ila peke yangu siwezi. Atasema kulia, na mguu utakwenda."

"Mguu wako niachie mimi," nikamwambia. Nilisema tu; sikuwa na mpango wowote.

Siku ya mbio jua lilikuwa juu, anga safi, siku ya kuanika nguo. Niliandika daftari jipya, nikalikagua ukurasa kwa ukurasa, nikanawa mikono mara tatu. Tulianza vizuri. Kona zilikuja, na kila moja shemeji aliikunja kabla sijaisoma. Nikajua wapo wawili wanaosoma. Nikamwona jasho linamtoka chini ya kofia. Ukurasa wa nane. Wa tisa. Kwenye wa kumi akaanza kusema chinichini, "Nipo, kaka, nipo," na mimi nikazidi kupaza sauti.

Ukurasa wa kumi na moja nikamsikia.

Kwanza peremende ikagonga jino. Kisha akakohoa kile kikohozi chake cha asubuhi, ndani ya masikio yangu yote mawili, karibu kuliko alivyowahi kuwa karibu nami. Mwaka mzima niliililia ile sauti. Nilikuwa tayari kuinunua kwa chochote. Akasema, taratibu, kwa furaha ya mtu anayeipenda kazi yake, "Mia mbili, kilima." Nami nikasema, "Mia mbili, kilima," na sauti zetu zikaenda pamoja, na nusura niishie hapo. Nilitaka aendelee tu. Nilitaka anisomee hata kama ni mpaka korongoni.

Gari lilikuwa linapanda. Mbele hakukuwa na barabara, ilikuwa anga tu. Nikamsikia akilamba kidole. Nikaisikia karatasi ikigeuka, nene.

"Kulia sita," akasema.

"Nyamaza," nikamwambia mume wangu. "Umeruka ukurasa. Nyamaza, baba, nasoma mimi." Na bila kuvuta pumzi, kwa sauti niliyokuwa namgombeza nayo kuhusu rimoti, "Shemeji, kushoto mbili. Breki. Kushoto mbili, usikate. Breki, breki, kushoto!"

Mguu wa shemeji ulitetemeka juu ya gesi, niliuona. Kisha ukahama. Gari likainama, mkia ukatoka, magurudumu ya nyuma yakafagia ukingo wa korongo, mawe yakaporomoka huko chini, nikayahesabu yakigonga. Likashika. Likanyooka. Tukawa tumepita.

Masikioni kukawa kimya. Hakuna kikohozi, hakuna peremende. Kurasa zilizobaki hakuwahi kuzisoma, kwa hiyo hakuwa nazo. Shemeji alikuwa ameshika usukani kwa mikono miwili, analia, gari linajiendea kama la kupelekea watoto shule.

"Endelea kusoma, shemeji," akasema. "Mimi hapa sipajui."

Nikasoma. Na kwa mara ya kwanza msimu mzima, nilipokuwa nasema kona, ndipo gari lilipokunja.

Kipara alituzidi kwa sekunde nne, akachukua ubingwa. Zile nne tuliziacha juu ya kilima na kila mtu kambini alijua. Spana alisonya, akatupa kitambaa, kisha akatutazama nyuso zetu, akakiokota. Akanisaidia kuvua kofia.

"Nini kimetokea pale juu?" akaniuliza.

"Nimegombana na mume wangu."

"Na sasa?"

"Yamekwisha."

Akaondoka kwenda kutafuta maji. Nikabaki garini, nikataka kulifunga daftari, lakini halikutaka kuniachia. Kidole gumba changu cha kulia kilikuwa kimenata kwenye ukurasa wa kumi na mbili, pale palipoandikwa kushoto mbili. Nikakivuta polepole, karatasi ikakiachia kwa ule mlio mdogo. Mimi peremende sili, sijawahi, na mikono nilinawa mara tatu. Kikawa kinang'aa juani.

Miaka tisa nilimfokea kwa ajili ya sukari ile. Nikakitia mdomoni, nikakilamba mpaka ladha ya tangawizi ilipokwisha.