Gia ya Nne kwa Lazima

Mimi Kazimierz Wojtowicz wa Hamtramck, Michigan, nina mdomo. Mdomo huohuo ndio ulionikosesha binti yangu. Miaka mitatu iliyopita, mezani siku ya Pasaka, nilimwambia Halina kwamba kazi yake ni kuua magari. Yeye ni mhandisi. Anahakikisha magari mapya yanakunywa mafuta kidogo, kama serikali inavyotaka. Aliweka uma chini, akachukua koti, akaondoka. Tangu hapo alikuja kumwona mama yake tu. Gari langu hakulipanda tena.

Basi wiki iliyopita akapiga simu. "Baba, Jumapili nitakuja na wewe kwenye mkutano wenu wa kahawa, ule wa wenye magari. Ila ukianza hotuba yako ya kuilaumu serikali, nashuka."

Nikakata simu nikacheza peke yangu jikoni, mzee wa miaka sitini na tisa, goti bovu.

Mtu mwenye akili angeosha gari akanyamaza. Mimi? Asubuhi ya Jumapili nikaingia uvunguni. Gari langu la silinda nane lina kidude kwenye gia, kimewekwa kwa ajili ya sheria ya kubana mafuta: ukiondoka taratibu, kinaziba gia ya pili na ya tatu, unalazimika kuruka kutoka ya kwanza hadi ya nne. Miaka kumi nimekitukana kidude hicho mbele za watu. Nikachomoa plagi yake. Nilitaka kumpeleka binti yangu kwa gari lililo huru. Huru! Nisikieni na mimi. Kwenye kiwanda cha magari nilifanya kazi miaka thelathini, kweli, lakini nilikuwa nashona viti, gia sizijui.

Tulienda vizuri, nakanyaga mafuta kama kawaida yangu. Kwenye mgahawa wa Royal Oak tunakokutana nikaegesha pua ukutani, katikati ya wenzangu, ili wote waone nimekuja na nani.

Saa nne Halina akataka kuondoka. Nikajaribu kuweka rivasi nirudi nyuma. Haikuingia. Nikasukuma kwa mikono miwili. Wapi!

"Kaz!" Leonard Pruitt, mwenyekiti wa chama chetu cha wenye magari, akapaza sauti. "Unaendesha gari au unapiga makasia?"

"Gia bado baridi tu," nikajibu, jasho linanitiririka.

Halina akanigeukia. "Baba, umegusa nini?"

Nilitafuta uongo, nikaukosa. Nikamwambia yote. Akafungua mlango akashuka, nami nikawaza: basi, nimempoteza tena, na safari hii mbele ya watu. Kumbe anatandika koti langu la chama chini ili alale juu yake. Akaingia uvunguni.

"Baba," sauti ikatoka chini, "plagi uliyochomoa ni ya rivasi. Ile ya kidude unachokitukana iko palepale. Inafanya kazi tangu uliponunua gari."

"Haiwezekani! Sijawahi kukutana nayo hata siku moja!"

"Utakutana nayo vipi? Inaamka ukiendesha taratibu. Wewe umewahi kuendesha taratibu?"

Leonard alicheka mpaka kahawa ikammwagikia suruali. Miaka kumi ya hotuba, mbele ya watu haohao! Nilitamani ardhi ipasuke.

Halina akairudisha plagi ya rivasi, akatoka uvunguni, shavu jeusi kwa grisi, naye anacheka. Kicheko hicho nilikuwa sijakisikia miaka mitatu, na kilinifurahisha kuliko aibu ilivyoniuma.

"Nikuchomolee na ile nyingine?"

"Iache, mwanangu."

Rivasi ikaingia, tukatoka. Kwenye taa za kwanza nikaondoka taratibu, na kweli, nilipotaka gia ya pili ikanikatalia, nikajikuta kwenye ya nne, injini inasinzia. Halina akaanza kunieleza kazi yake ilivyo, na kwa mara ya kwanza nikamsikiliza. Sikutaka tufike.

"Baba, mbona mwendo huu?"

"Foleni," nikasema.

Akaitazama barabara mbele yetu, tupu mpaka mwisho wa macho. Akaendelea kunisimulia.