Mstari Uliokuwa Kwenye Keki

Sir Aubrey Thackwray alikuwa ameshacheza wafalme kumi na mmoja, papa wawili wa Roma, na Mungu mara moja, redioni. Alipofika miaka themanini na mbili akawa askofu katika tamthilia yetu ya Jumapili jioni, ile ya kijiji ambacho watu wanane huuawa kila mwaka na bado hakuna anayehama. Sauti yake inajulikana nchi nzima. Nyanya yangu kule Barnsley husema angemsikiliza hata akisoma karatasi ya dawa ya minyoo. Tatizo lilikuwa dogo tu: sauti ilibaki, maneno yakahama.

Mimi ndiye mtunza vifaa. Kazi yangu ni vikombe, bastola za uongo na maiti za mpira, na tangu mzee aje, kumwandikia maneno yake popote jicho lake linapoweza kutua bila kamera kuona. Nimeandika kwenye Biblia, kwenye mishumaa, na mara moja kwenye kipara cha muumini wa kiti cha mbele. Kile kidude cha kuvaa sikioni ili unong'onezewe maneno alikikataa. "Hicho ni cha wasoma habari, kipenzi," aliniambia. Huita kila mtu kipenzi. Si mapenzi, ni majina nayo yamehama.

Jumanne hiyo tulikuwa kwenye bustani ya kasisi, Dorset, mvua imetupa saa moja ya huruma. Tamsin, mwongozaji wetu, akanionyesha ukurasa wa muswada wa rangi ya waridi, rangi ya mabadiliko.

"Keeley, akikwama tena leo, Alhamisi askofu anaanguka mnarani."

"Aanguke mzee mwenyewe?"

"Anaanguka mtu wa sarakasi ndani ya kanzu yake. Mzee anaenda nyumbani."

Siri kwenye seti ya kurekodia hukaa muda wa kuchemsha chai. Nilipokuwa nikipanga meza, Sir Aubrey akanisogelea. "Nimekufa mara thelathini na nne, kipenzi, na kila mara nimepewa hotuba. Sasa wanataka nife kwa mgongo wa mtu mwingine." Akagusa koo lake. "Hii nikifukuzwa nayo hapa, sina pengine pa kuipeleka."

Nikaandika kwa mkono wa mtu anayefanya mtihani. Sentensi ya kwanza kwenye birika, ya pili kwenye bakuli la sukari, ya tatu kwenye jagi la maziwa. Ya mwisho, ile iliyobeba tamthilia yote, niliichora kwa sukari nyeupe ubavuni mwa keki: *Jeneza lilikuwa jepesi, Agnes.*

Mchezoni Agnes alikuwa Dame Muriel Ockenden, ambaye amekuwa na miaka sabini na moja kwa muda wa miaka tisa sasa. Amewahi kuwa mke wa Sir Aubrey katika michezo minne, na katika mmoja alipewa kuwa mama yake, ingawa yeye ndiye mdogo. Hilo hajalisamehe.

Akaketi, akaizungushia macho meza yangu. "Aubrey, naona umekuja na ubongo wako wote. Nikisogeza sukari utajiita nani?"

"Nitajiita mwanao, mama."

Dame Muriel akatabasamu. Hapo ndipo ningepaswa kuficha kisu.

Maana sheria ya kazi yetu ni hii: mbele ya kamera hakuna anayekula. Ukimeza tonge moja, utalimeza tena kila tukio likirudiwa, mara ishirini, ili picha zifanane. Waigizaji wazoefu husukuma chakula kwenye sahani kama watoto wasiopenda kabichi. Dame Muriel hajameza kitu mbele ya kamera kwa miaka hamsini.

Tamsin akaruhusu kamera zianze. Mzee akaanza, na ile sauti ikashuka bustanini hadi mbwa wa kasisi akaketi. Birika, safi. Sukari, safi. Akiwa bado kwenye maziwa, Dame Muriel akakata kipande cha keki, kipande kilekile chenye ule mstari, akakitia mdomoni.

Sir Aubrey akaigeukia keki akakuta pengo linalochuruzika jamu.

Akatazama pengo. Akatazama makombo. Akamtazama Dame Muriel akitafuna, taratibu, kama mtu anayesoma. Midomo ikamtetemeka, machozi yakajaa. Sekunde arobaini na moja, nilihesabu. Mimi na Dame Muriel peke yetu tulijua mtumishi wa Mungu anajaribu kusoma jamu.

"Kata," Tamsin alisema, kamasi zikimtoka. Watu wakapiga makofi. Ukurasa wa waridi ukachanwa.

Tamthilia iliporushwa, magazeti yalisema hakujawahi kuonekana ukimya kama ule. Sir Aubrey akawaambia waandishi kwamba ule mstari aliuondoa mwenyewe. "Maneno ni magongo," alisema. "Katika umri wangu, mtu huyatupa."

Februari ikaja miswada mipya. Vipindi vinane, askofu yumo katika vyote. Mzee akafunua kurasa hadi mwisho, akarudi mwanzo.

"Kipenzi, nakala yangu imechapwa vibaya. Sina neno hata moja."

"Haijakosewa, Sir. Askofu amepigwa na kiharusi, ulimi umekwenda."

Akamwendea Tamsin. Tamsin akamshika mikono yote miwili. "Waandishi wamefuata ulichosema gazetini. Umetupa magongo."

Mchana tulipanga foleni kwenye gari la chakula. Mama wa chakula akamwuliza anataka nini. Sir Aubrey akachukua orodha, akasimama wima, akaisoma yote: soseji, viazi vya kukaanga, pai ya figo. Vijiko vikasimama. Nyanya yangu angelia.

Alipofika mwisho akamgeukia Dame Muriel nyuma yake. Hapakuwa na birika wala keki. Akasema sentensi zote nne, bila kuruka neno, hadi ile ya mwisho. "Jeneza lilikuwa jepesi, Agnes."

"Leo ndiyo umekumbuka," Dame Muriel akamwambia. "Chukua maharage usogee. Watu wana njaa."