Habari za Mchana, Wodi ya Sita

Nakundwa anainamisha kichwa kwenye ukingo wa kitanda cha mama yake, jua la saa nane bado liko kwenye pazia, na kabla hajafumba macho vizuri kitanda kinakuwa mlango, naye anaingia. Ndani kuna barabara ndefu ya sakafu nyekundu, kila upande wodi, na ndani ya kila wodi mama yake yuleyule, amejikunja kwa saratani ileile, ameuma pindo la kanga ileile asilie mbele za watu. Muuguzi asiye na uso anapita na faili na chupa ya mofini, ile dawa ya maji ya kutuliza maumivu. Habari za mchana, binti? Nzuri, Sista, anajibu Nakundwa, maana ndivyo alivyolelewa. Muuguzi anaandika: hana maumivu. Chupa inarudi kabatini, kufuli linalia, barabara inajikunja upya. Wodi nyingine, muuguzi mwingine, uso mtupu kama sahani iliyooshwa. Mgonjwa wetu hajambo? Hajambo, tunashukuru. Hana maumivu. Kufuli. Na mama anauma kanga. Sista, dawa hii anapewa nani? Anayeumwa. Anayeumwa ni nani? Aliyeandikwa. Na anaandikwa nani? Aliyesema. Mama yangu hawezi kusema, huoni? Mimi sina macho, binti, nina kalamu. Hapo kifua cha Nakundwa kinawaka. Siku tisa! Siku tisa wamepita na salamu zao, wameondoka na nzuri yake, hakuna hata mmoja aliyefunua shuka akatazama. Watu wenye vyeti ukutani wanashindwa kusoma kanga iliyotobolewa na meno? Milango yote inafunguka, nyuso tupu zinauliza kwa pamoja, habari za mchana? Mbaya! Habari ni mbaya! Mama yangu anakufa, sawa, tumeambiwa, lakini nani kasema afe akiteswa? Fungueni kabati!

Anashtuka. Wodi nzima inamtazama. Bi Nasemba wa kitanda cha pili anacheka hadi anakohoa: Ala! Kumbe mkimya wetu ana koo! Mama amelala, kanga imemtoka mdomoni, midomo yake imelowa. Ni dawa, au ni mate tu? Muuguzi anakuja na faili, jua la dirishani nyuma yake limeufuta uso wake wote. Habari za mchana, binti? Nakundwa hajui yuko upande gani wa mlango. Anasimama hata hivyo.

Mbaya, Sista, anasema. Kaandike.