Arobaini na Moja ya Amoit

Mwalimu Callistus alikuwa na ugonjwa mmoja: kutangulia. Shule tano za huku Adungosi zikifanya mtihani wa moki, ule wa majaribio, pamoja, matokeo yake ya hesabu lazima yaonekane ukutani kabla wenzake hawajamaliza kusahihisha. Na watu wamsifu! Basi mwaka huu alisahihisha mbio mbio, akachukua mipaka ya gredi ya mwaka jana, akaipachika kwenye alama za mwaka huu, akabandika.

Hilo ndilo kosa lenyewe, na alijua ni kosa. Mipaka hupangwa na walimu wa shule zote tano wakishaketi pamoja. Mtihani ukiwa mgumu, C inashushwa. Ukiwa rahisi, inapandishwa. Mwaka jana C ilianzia arobaini na tano. Amoit wa kidato cha nne alikuwa na arobaini na moja, kwa hiyo ukutani akasomeka D.

Na nyumbani kwao maneno yalikuwa yameshatamkwa. Babake, mzee Emukule, alimwambia mbele ya watu: ukileta C ya hesabu, utakaa shuleni mpaka mtihani wa mwisho; ukileta D, utaenda Malaba kumsaidia shangazi yako Janet kuwapikia madereva wa malori. Amoit aliisoma karatasi saa nane mchana. Saa kumi hakuwa shuleni.

Siku mbili baadaye walimu wakaketi. Mtihani ulikuwa umewatoa watoto jasho kila shule, C ikashushwa hadi arobaini. Arobaini! Basi arobaini na moja ya Amoit ni C, Callistus akahesabu. Mwenzake mmoja akauliza, "Kuna mtu ashabandika?" Callistus akasema hapana, mtu mzima na ndevu zake. Jioni akaing'oa ile karatasi, akabandika nyingine, akajiambia mtoto ataambiwa na wenzake.

Hakuambiwa, hata simu hakuwa nayo. Kila Callistus akiita majina na kufika kwa Amoit, aliliruka jina. Namba ya mzee Emukule alikuwa nayo. Lakini kupiga ni kueleza, na kueleza ni kukiri. Akala, akalala, akafundisha. Wiki ya kwanza ikapita, ya pili, ya tatu ikaingia.

Siku ya kumi na tisa tangu Amoit aondoke ikamshinda. Akapanda boda hadi Malaba.

Alimkuta kwenye kibanda cha Janet, anasukuma chapati, unga hadi viwikoni. Dereva mmoja alikuwa akimtania: "Dada, hiyo chapati inapikwa leo ama nirudi nikitoka Kampala?"

"Mwalimu!" Amoit akashtuka. "Umetoka huko kote kunitafuta mimi?"

"Umepata C," Callistus akasema. "Mipaka ilishushwa. Arobaini na moja ni C."

Msichana akapiga kelele mpaka dereva akaacha kutafuna. "Shangazi! Mwalimu ameniletea C!"

Janet akatoka mbio, akamshika mwalimu mikono yote miwili, akamvutia kiti, akamwekea chai na chapati mbili. "Walimu kama wewe hawako siku hizi," akasema. "Mungu akuweke." Callistus akakitazama kikombe. Angekunywa tu na kunyamaza, nani angejua? Lakini Amoit alikuwa akifungua aproni, anacheka peke yake.

"Ilishushwa lini?" akauliza.

Callistus akajibu, "Siku mbili baada ya wewe kuondoka. Nilibandika haraka, kwa mipaka ya mwaka jana. Halafu nikaogopa kusema. Kosa ni langu, Amoit. Nisamehe."

Janet akakiondoa kile kikombe mezani.

Amoit akaitazama mikono yake yenye unga. "Kumi na tisa toa mbili," akasema polepole. "Siku kumi na saba ulikuwa unajua, mwalimu?"

"Ndiyo."

"Na huko darasani mmemaliza topiki ngapi?"

"Tatu."

Akaikunja aproni, akamkabidhi shangazi yake. "Hizo tatu utanifundisha zote. Na kwa baba utaongea wewe. Mbele ya watu, vile yeye aliongea."

Callistus akakubali. Angekubali lolote. Amoit akapanda boda, akaweka begi lake katikati yao, na hadi wanafika Adungosi hakumwita mwalimu tena.