Kilomita ya Thelathini

Wakimbiaji wenzake kambini walimwita Shemasi, ingawa hakuwahi kuwa shemasi wa kanisa lolote. Jina lilimganda kwa sababu kila alfajiri, wenzake wakihangaika na kamba za viatu, yeye alikuwa ameshapiga magoti kando ya barabara. "Shemasi, mwambie basi atupunguzie hicho kilima," walimtania, naye akacheka nao.

Safari yake ya tatu ya nje ndiyo iliyomharibia. Wakala wake, bwana mpole asiyependa maneno mengi, alimwita ofisini akamsogezea karatasi.

"Safari hii unavuta kasi. Unakaa mbele, unawapa mwendo wale wakubwa wawili. Kilomita ya thelathini unatoka pembeni, kazi yako imeisha."

"Na nikijisikia vizuri?"

"Hujakodiwa kujisikia, ndugu yangu."

Shemasi akatia saini. Upepo ulikuwa umeng'oa nusu ya paa la nyumba yake, na mkewe, fundi cherehani, alikuwa akishona nguo za watu chini ya turubai. Kazi ni kazi, alijiambia.

Tabu ilianzia kanisani. Jumapili ya kumuaga, mchungaji alimsimamisha mbele, akamwekea mikono kichwani na kunguruma: "Mwaka huu hatuombi nafasi ya pili! Tunaomba ya kwanza!" Watu wakainuka, vigelegele vikapaa. Shemasi alifungua kinywa aseme kwamba safari hii hakwenda kushinda, kwamba alikuwa amekodiwa awavutie wengine. Kisha akamwona mama yake kwenye benchi la mbele, kitambaa cha kichwa kimelegea, uso umelowa kwa furaha. Akafunga kinywa. Mtu mzima, baba wa watoto wawili, ameogopa vigelegele.

Mama yake alimvuta pembeni ibada ilipokwisha.

"Mwanangu, nakufungia siku tatu za mwisho kabla ya mbio. Chakula sigusi, mpaka nikuone umevuka mstari."

"Mama, na hiyo sukari yako? Na dawa?"

"Mimi na sukari yangu tunajuana. Wewe kakimbie."

Hapo ndipo alipopaswa kusema. Alimbusu shavuni, akaenda kufunga begi.

Ugenini walimpa chumba kimoja na wakimbiaji wengine watatu, na dirisha lisilofunguka. Jumamosi alitoka kutafuta kanisa la kusalia. Alilipata kona ya tatu, mlango umefungwa kwa mnyororo. Alipochungulia kwenye kioo aliona viti vimebebeshwa viti vingine mpaka karibu na dari. Akasali pale pale nje, mikono mifukoni kwa baridi, watu wakimkwepa. Mbio zote hizi kubwa huwa Jumapili asubuhi. Alijaribu kukumbuka ni lini mara ya mwisho alishiriki meza ya Bwana, akashindwa. Yeye ambaye watu walimwita Shemasi.

Siku ya mbio, mwili ulikuwa mwepesi mno, kama vile mtu kaubadilisha usiku. Aliwavuta wale wakubwa kama alivyoagizwa, hatua kwa hatua, saa ya mkononi ikimkubalia. Kilomita ya ishirini na nane alitupa jicho nyuma. Mmoja alikuwa akihema kinywa wazi. Mwenzake bega limeshaanguka. Yeye hata jasho lilikuwa halijamwingia machoni.

"Ee Bwana," alisema moyoni, "kwa nini leo?"

Kwenye kilomita ya thelathini alisimama mtu wa wakala, mkono ameunyoosha kumwonyesha njia ya kutokea. Shemasi akampita. Akakimbia hatua hamsini hivi zaidi, na katika hatua hizo alimkumbuka mkewe chini ya turubai, akakumbuka kwamba anayevunja mkataba haitwi tena. Akatoka pembeni. Dada mmoja akamtupia shuka la plastiki mabegani na kumpa maji. Wale wawili wakapita bila kumtazama.

Asichojua ni kwamba nyumbani walikuwa wametundika shuka jeupe ukutani mwa kanisa, wakaazima mashine ya kuonyeshea picha, na kanisa zima lilikuwa likimtazama. Walimwona akitoka. Wakadhani ameumia, wakaanza kulia. Kisha picha ikamwonyesha akinywa maji, amesimama kwa miguu yake miwili, mzima wa afya. Mama yake, siku ya tatu ya kufunga, akainuka kumwita kwa jina kana kwamba angesikia, akaanguka baina ya mabenchi.

Aliporudi, mkewe alikuja kumpokea peke yake. Wakaenda moja kwa moja hospitalini. Mama alikuwa amezinduka, ila ulimi ulikuwa mzito na mkono wa kulia ulilala juu ya blanketi kama wa mtu mwingine. Mchungaji alikuwa kitini, kando ya kitanda.

"Ndugu," mchungaji alisema kwa upole uliouma, "imani ilitetereka wapi?"

"Haikutetereka, Mchungaji. Nililipwa nitoke pale. Nilijua tangu siku mliponiombea."

Mchungaji akaitazama Biblia yake iliyofungwa. "Kwa nini hukutuambia?"

"Mngeniombea nini?"

Ni mama aliyejibu, neno moja moja, akilivuta kwa shida. "Kumbe siku tatu... nilikuwa namwomba Mungu... avunje mkataba wako." Akageuza uso ukutani, na hata nesi alipokuja kumgeuza hakufumbua macho.

Mama alipotolewa hospitalini alikwenda kukaa kwa binti yake, dada wa Shemasi, akasema huko ni karibu na kliniki. Si kweli, kliniki iko nyuma ya nyumba ya Shemasi.

Paa liliezekwa, mabati mapya yakang'aa. Miezi minne baadaye wakala akapiga simu: wamekupenda, kazi ni ile ile. Safari hii Shemasi alisimama kanisani akaeleza yote, mpaka kilomita atakayotokea. Mchungaji akamwombea safari njema. Amina ilikuwa nyembamba, na kuna mtu nyuma aliyecheka.

Asubuhi ya kuondoka alimpigia dada yake.

"Mama anasema uende salama," dada alimwambia.

"Amesema hivyo?"



"Nimesema mimi, kaka."